Mana haikukoma mbele ya kuvuka Yordani

Somo: Yoshua 5:10-12, 2 Wafalme 20:1-7, Luka 17:11-19



Katika majuma haya redio yetu imepokea maulizo mengi juu ya jambo moja. Wengine wanauliza: ni kweli kwamba watu wa sayansi wamepata njia ya kumaliza ugonjwa wa sukari kwa selula mpya? Wengine wanauliza juu ya mifuko midogo ya unga inayouzwa nyumba kwa nyumba, hata mbele ya milango ya makanisa, ambayo wauzaji wanasema ndani yake mna "cellules souches". Mama mmoja wa kanisa letu, mwenye mtoto mgonjwa wa sukari, aliuza mbuzi wawili na kuchukua zamu yake ya likelemba ili anunue mifuko hiyo. Muuzaji alimwambia kwamba akiisha kuanza unga ule, sindano za insulini si za lazima tena.

Kwa sababu ya mama huyo na mtoto wake, tumeona vema karatasi ya juma hili ieleze jambo hili polepole. Nabii Hosea alisema watu wa Mungu wanaangamia kwa kukosa maarifa (Hosea 4:6). Hatutaki mtoto yeyote wa kanisa aangamie kwa kukosa maarifa ambayo tungeweza kumpa.

SELULA NI NINI?

Neno selula mnalijua. Kanisa letu lina selula za maombi katika kila mtaa, vikundi vidogo ambavyo vikiwekwa pamoja vinakuwa kanisa moja. Mwili nao Mungu ameujenga hivyo. Umejengwa na vitu vidogo sana vyenye uhai, visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa selula. Katika vitabu vingine wanaandika seli au chembe hai. Selula za moyo zinapiga, selula za damu zinabeba hewa, selula za ngozi zinafunika. Kila moja ina kazi yake, kama Paulo anavyofundisha juu ya viungo vya mwili katika 1 Wakorintho 12.

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho, au pankreasi. Ndani yake Mungu ameweka vikundi vya selula vinavyoitwa visiwa, na ndani ya visiwa hivyo kuna selula beta. Kazi yao ni kupima sukari katika damu na kutoa insulini ya kutosha, si nyingi, si kidogo. Insulini ni kama ufunguo unaofungua mlango ili sukari iingie katika misuli na kuwa nguvu. Bila ufunguo huo sukari inabaki katika damu, na mwili unakufa njaa katikati ya chakula.

MAGONJWA MAWILI YENYE JINA MOJA

Wengi wanachanganya hapa. Ugonjwa wa sukari wa aina ya pili ndio wenye watu wengi, zaidi wakubwa. Mtu huyo bado ana insulini, lakini mwili wake hauisikii vizuri, au haitoshi. Anasaidiwa na chakula cha kipimo, kutembea, vidonge kama metformini, na wengine mwishoni wanahitaji sindano.

Aina ya kwanza ni nyingine. Mara nyingi inapata watoto na vijana. Askari wa mwili, yaani kinga yetu inayopigana na magonjwa, wanakosea na kushambulia selula beta wakidhani ni adui. Wanaziua mpaka hazitoshi tena. Mtoto anakunywa maji sana, anakojoa sana, anakonda, anachoka. Kama hajatibiwa anatapika, anapumua kwa haraka na kwa nguvu, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana, halafu anapoteza fahamu. Kwetu mara nyingi tunasema ni malaria au tifoide. Wengine wanasema jirani amemroga. Lakini tone moja la damu kwenye kipimo cha sukari linaonyesha ukweli kwa muda mfupi.

Mbele ya mwaka 1922 mtoto wa namna hiyo alikuwa wa kufa tu. Madaktari walimpunguzia chakula sana ili aishi muda kidogo zaidi. Mwezi wa kwanza wa 1922, katika mji wa Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 alidungwa insulini iliyotolewa katika kongosho la mnyama, akawa wa kwanza kutibiwa hivyo. Wale waliogundua insulini waliuza haki yao kwa chuo kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili isiwe ya matajiri peke yao. Tangu siku ile watoto wa sukari wanaishi, wanasoma, wanaoa na kuolewa. Lakini insulini haijengi tena selula zilizokufa. Inafanya kazi yake leo, na kesho ni lazima sindano tena.

BABA ALIYEACHA VYURA

Sasa tuje kwa utafiti unaoulizwa. Huko Marekani, katika chuo kikuu cha Harvard, alikuwako mtafiti anayeitwa Douglas Melton. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vyura: namna yai moja linavyogawanyika mpaka linakuwa mnyama mwenye kichwa na miguu. Mwanzo wa miaka ya 1990 mtoto wake wa kiume, akiwa na miezi 6 tu, alipatwa na ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza. Melton na mke wake wakawa kama wazazi wote wa watoto hao: kutoboa kidole usiku na mchana, kupima, kudunga, kuogopa kulala. Baba huyo akageuza utafiti wake wote aelekee ugonjwa huo. Miaka ilipita, na binti yake naye akapatwa na ugonjwa uleule akiwa na miaka 14.

Tunakumbuka Yairo, aliyeacha heshima yake ya sinagogi akaanguka miguuni pa Yesu kwa ajili ya binti yake. Hatusemi Melton ni mhubiri. Tunasema upendo wa mzazi tunautambua popote ulipo.

Ulizo lake lilikuwa hili: kama selula beta zimekufa, je, tunaweza kutengeneza nyingine? Ili kuzitengeneza alihitaji selula ambayo bado haijachagua kazi. Fikirini kijana aliyemaliza shule ya msingi: anaweza bado kuwa fundi, mwalimu au muuguzi. Akiisha kujifunza useremala miaka mingi, si rahisi kumgeuza. Selula nyingi za mwili wetu ni kama seremala yule, zimekwisha kuchagua. Lakini kuna selula zinazoitwa selula za shina, kwa sababu aina nyingine zinatoka kwao kama matawi yanavyotoka katika shina. Zile zinazoweza kuwa karibu kila selula ya mwili, za moyo, za ubongo au za kongosho, ndizo Melton alizitafuta.

Kazi yenyewe ilikuwa kuziongoza hatua kwa hatua. Unaziweka katika maji yenye chakula chao, unaongeza dawa fulani kwa siku fulani, halafu nyingine, kwa utaratibu uleule ambao mtoto anafuata akiumbwa tumboni mwa mama. Ukikosea siku au kipimo, zinakuwa kitu kingine. Zaidi ya miaka 20 ilipita tangu mtoto wake augue. Mwaka 2014 Melton na wenzake walitangaza kwamba wameweza: kwa hatua 6, katika muda wa juma 4 hadi 5, walipata selula beta za binadamu kwa mamilioni mengi. Waliziweka katika panya wenye ugonjwa wa sukari, na sukari ya panya ikashuka. Kampuni ilianzishwa kuendeleza kazi hiyo, na mwaka 2019 kampuni kubwa zaidi, Vertex, iliinunua kwa dola milioni 950.

WAMEFIKA WAPI?

Mwaka 2021 mtu wa kwanza alipewa selula hizo. Hazimezwi kama kidonge wala hazikorogwi katika chai. Zinaingizwa hospitalini katika mshipa mkubwa unaopeleka damu katika ini, nazo zinakaa ndani ya ini na kuanza kutoa insulini kule. Katikati ya mwaka 2025 matokeo yalitangazwa. Watu 12 wenye aina ya kwanza, ambao sukari yao ilikuwa inaanguka kwa ghafula na kwa hatari, walipewa kipimo kamili na kufuatwa mwaka mzima. Wote 12 waliacha kupata maanguko makali ya sukari. Na 10 kati yao, mwisho wa mwaka, hawakuhitaji tena kudungwa insulini.

Wapendwa, habari hiyo ni kubwa, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mithali 25:2 inafundisha kwamba Mungu ana utukufu katika kuficha mambo, na wafalme wana heshima katika kuyachunguza. Mtu anayechunguza selula hamnyang'anyi Mungu kitu. Anasoma kitabu ambacho hakukiandika.

Lakini ni lazima tuseme na upande wa pili.

Kwanza, selula hizo zinatoka kwa mtu mwingine, na askari wa mwili wanataka kuziua. Kwa hiyo mgonjwa anatumia kila siku dawa za kupunguza kinga ya mwili. Kinga ikishuka, magonjwa mengine yanapata mlango. Katika utafiti huo watu wawili walikufa. Mmoja alikufa kwa uambukizo wa utando wa ubongo, wa namna inayopata zaidi watu wenye kinga dhaifu. Mwingine alikufa kwa ugonjwa wa ubongo unaopoteza akili (dementia), uliotokana na tatizo la ubongo ambalo alikuwa nalo mbele ya utafiti. Kwa mtoto ambaye insulini inamsaidia vizuri, kubadilisha sindano kwa dawa hizo si faida iliyo wazi.

Pili, watu 12 ni wachache, na mwaka mmoja ni mfupi.

Tatu, kazi hiyo inafanyika katika hospitali kubwa zenye maabara na wataalamu, chini ya ulinzi wa karibu. Haiko katika mfuko wa mtu anayepita mtaani.

ULIZO LA MIMBA CHANGA

Wakristo wengi wanauliza selula za shina zinatoka wapi. Hatutaruka ulizo hilo. Mwaka 1998, huko Marekani, watafiti walifaulu kwa mara ya kwanza kutoa selula za namna hiyo katika mimba changa sana, ya siku chache tu, iliyotungwa katika maabara kwa ajili ya wazazi wasiopata mtoto na ikabaki bila kutumiwa. Kuzitoa kunaharibu mimba ile. Mwaka 2001 rais wa Marekani alizuia fedha za serikali zisitumike kutengeneza selula mpya kwa njia hiyo. Melton alitumia fedha za watu binafsi, akaendelea.

Sisi tunaosoma Zaburi 139, kwamba Mungu alituona tungali bila umbo tumboni mwa mama, hatuwezi kusema jambo hilo ni dogo. Tunaamini uhai ni wa Mungu tangu mwanzo wake. Na tunasema wazi kwamba kuna Wakristo wanaompenda Bwana ambao wanafikiri tofauti juu ya mimba zile ambazo hazingewekwa kamwe tumboni.

Mungu amefungua njia nyingine pia. Mwaka 2006 mtafiti wa Japani, Shinya Yamanaka, alionyesha kwamba selula ya ngozi ya panya inaweza kurudishwa nyuma mpaka iwe tena kama selula ya shina, kwa kuamsha jeni 4 tu. Mwaka uliofuata ilifanyika kwa selula za binadamu. Ni kama yule seremala mzee kurudi kuwa kijana anayeweza kuchagua kazi upya, bila kuharibu mimba yoyote. Yamanaka alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2012. Na mwaka 2024 watafiti wa China walitangaza habari za mwanamke wa miaka 25 mwenye aina ya kwanza. Walichukua selula katika mafuta ya mwili wake mwenyewe, wakazirudisha nyuma kwa dawa, wakazifanya visiwa vya kongosho, wakamwekea tumboni. Baada ya siku 75 aliacha sindano za insulini. Naye bado ni mtu mmoja, tena alikuwa tayari anatumia dawa za kupunguza kinga kwa sababu alikuwa amepandikizwa ini. Lakini njia hiyo inatupa furaha, na tunawaombea wanaoifuata.

JUU YA MIFUKO ILE

Sasa mtaona wenyewe. Selula ni kitu chenye uhai. Inahitaji joto lake, chakula chake na usafi mkubwa. Haiwezi kukauka kuwa unga, kukaa miezi katika mfuko, halafu kufufuka ndani ya maji ya moto. Hata kama ingeingia tumboni ikiwa hai, tumbo lingeisaga kama linavyosaga nyama. Anayekuuzia unga na kukuambia utafufua kongosho lako, ama amedanganywa, ama anadanganya. Kama ni ndugu wa kanisa, tunamsihi kwa upole aache. Fedha aliyoipata kwa machozi ya mama wa mtoto mgonjwa hataweza kuitolea fungu la kumi kwa furaha.

KOSA LETU

Tusiwasute wauzaji peke yao. Miaka iliyopita, sisi tunaoandika tulimwombea binti wa miaka 11 mwenye ugonjwa huu, mwisho wa mfungo wa siku 3. Alisimama akasema anasikia nguvu. Tulimpa kipaza sauti, kanisa likashangilia. Hatukumwuliza habari ya insulini. Hatukumwambia aache, lakini hatukumwambia aendelee, na mama yake alielewa kile ambacho shangwe yetu ilisema. Siku ya 4 mtoto alikuwa anatapika na kupumua kwa nguvu. Walifikiri ni malaria. Alipofikishwa hospitalini hakujua tena jina lake. Aliwekewa serumu na insulini, na Mungu alimrudisha. Leo yuko hai. Lakini tulikaa kando ya kitanda kile usiku mzima, na tulimwomba mama yake msamaha, kwa sababu tulitangaza ushuhuda mbele ya kuupima.

Tunaamini uponyaji wa Mungu. Tumeuona, na tutaendelea kuweka mikono juu ya wagonjwa. Lakini tumerudi katika Maandiko na kujifunza upya. Hezekia alipougua, Mungu alimwahidi kwa kinywa cha Isaya miaka 15 zaidi. Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Hata hivyo Isaya aliagiza walete mkate wa tini, wauweke juu ya jipu, naye akapona. Nabii hakuona tini kuwa ni upungufu wa imani. Na wale wenye ukoma 10 Yesu aliwatuma kwa makuhani, ambao torati iliwapa kazi ya kukagua kama ukoma umeisha kweli. Bwana mwenyewe hakuogopa muujiza wake upimwe. Basi nasi tusiogope. Mtu akisema Mungu amemponya sukari, apimwe hospitalini, na daktari ndiye apunguze dawa akiona damu yenyewe inashuhudia. Muujiza wa kweli hautaharibika kwa sababu ya kipimo.

MANA NA MAZAO YA NCHI

Kwa miaka 40 Israeli waliokota mana kila asubuhi. Haikuwekwa akiba ya kesho, ila siku ya sita kwa ajili ya sabato. Bila shaka wengine walichoka nayo. Walikuwa wamesikia habari za Kanaani, nchi ya maziwa na asali, na wapelelezi walirudi wakibeba zabibu mitini. Zabibu zile zilikuwa za kweli. Lakini mtu ambaye angeacha kuokota mana kwa sababu ameona zabibu mabegani mwa wapelelezi, angekufa jangwani. Yoshua 5 inatuonyesha utaratibu wa Mungu: walivuka Yordani kwanza, wakala mazao ya nchi kwanza, na kesho yake ndipo mana ikakoma.

Wewe mgonjwa wa sukari, na wewe mzazi, insulini ni mana yako. Inachosha, ni ya kila siku, na haina sifa mbele ya watu. Utafiti wa Melton na wa wengine ni zabibu za wapelelezi, na tunafurahi kuziona. Lakini hatujavuka. Endelea kuokota.

Na kanisa lisimwache aokote peke yake. Kila selula ya maombi ijue kama ina mtoto wa sukari. Tuchangie dawa yake na vipimo vyake, kama tunavyochangia msiba. Tusingoje awe maiti ndipo tupitishe kikapu. Nyumba isiyo na friji iweke chupa ya insulini ndani ya mfuko usioingiza maji, katika chungu cha udongo kilicho ndani ya chungu kikubwa, na mchanga wenye maji katikati yao, mahali penye kivuli na upepo. Isiachwe juani wala isigandishwe. Na mtoto akionyesha dalili tulizotaja, apelekwe kupimwa sukari siku ileile. Tutaomba naye njiani.

MAULIZO KWA SELULA ZA MAOMBI

1. Kwa nini Isaya aliagiza tini baada ya Mungu kuahidi uponyaji?
2. Katika mtaa wetu ni nani anayeishi na ugonjwa wa sukari, na juma hili tutamfanyia nini?
3. Tunawezaje kusikiliza shuhuda za uponyaji kwa furaha na kwa ukweli pamoja?

Tuombe: Bwana, ubariki mikono ya wanaotafuta, uwalinde watoto wetu wanaongoja, utufundishe kutosema kwa jina lako neno ambalo hukulisema. Amina.